Anauza mayai kutwa nzima, yeye mwenyewe hajaonja yai tangu Krismasi

Mayai_Jumla (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Mimi nauza mayai kwa jumla upande wa Kariobangi South, Nairobi. Mzigo unaingia saa kumi alfajiri, na kufika saa mbili nusu ya trei zimeshaondoka na vijana wa toroli za smoki (soseji) na mayai pasua. Wengi nawajua kwa sura. Yuko mmoja tunamwita Kadogo, kwa sababu toroli ndilo linaonekana kwanza, yeye baadaye. Ukimuuliza umri anasema kumi na tatu. Nyumbani nina msichana wa miaka kumi na mmoja na Kadogo anamfika begani, kwa hivyo hiyo kumi na tatu niliichukulia kuwa ni uongo wa kutafutia kazi.

Jumanne iliyopita alianguka mbele ya duka langu. Hakuwa anasukuma chochote, amesimama tu kwenye foleni na bakuli lake la kachumbari. Magoti yalilegea kwanza, halafu akakaa chini polepole kama mtu anayekaa kwa hiari yake, halafu akalala. Nyanya na vitunguu vikamwagika kwenye mtaro. Mama wa chai wa jirani akammwagia maji usoni. Alipofungua macho, neno la kwanza lilikuwa, "Yamevunjika mangapi?"

Hakuna yai lililovunjika, hata trei sikuwa nimempa bado.

Mama chai akamletea chai ya maziwa na nusu chapati. Mimi nikamenya yai nikampa. Akalishika, akalitazama, akaniuliza kama litaandikwa kwake. Nikamwambia hilo ni langu. Akala nusu, nusu akaiweka kwenye karatasi ya chumvi ampelekee mdogo wake. Ndipo akatuambia mara ya mwisho kula yai ilikuwa Krismasi. Mtoto huyu anamenya mayai sitini kwa siku. Mwenye toroli anampa trei mbili, yai shilingi 30, jioni anataka shilingi 1,800 kamili. Ikipungua thelathini inakatwa kwenye mia mbili yake. Kwa hivyo akila yai moja, amelinunua kwa bei ya mteja.

Mhudumu wa afya wa mtaa akatupeleka kituoni. Damu ilipimwa ikawa 8.2. Mamake alikuja mbio na kile kitabu cha kliniki cha tangu mtoto azaliwe, na hapo ndipo niliaibika: Kadogo hakuwa anadanganya. Ni miaka kumi na tatu kweli. Anamfika begani msichana wangu wa kumi na mmoja.

Sasa swali langu, na naomba msinijibu kwa matusi. Mimi ndiye nawauzia hawa watoto trei. Nikikataa kumuuzia, ninamsaidia au ninamnyima hata ile mia mbili?

---

Mwana_wa_Ushago

Pole kwa kijana, lakini tusianze kulialia. Wengine tumekulia Kitui. Saa kumi na moja uko mtoni na punda, jioni ni mbuzi, likizo ni kupanda na kupalilia. Hakuna aliyetupigia simu serikalini. Siku hizi mtoto akishika jembe watu wanatoa simu wanapiga video. Kazi haiui mtoto, uvivu ndio unaomuua. Mpe chai na chapati arudi kwa toroli lake.

---

Kibanda_Namba_Tisa

Na zile mbuzi ziko wapi leo, mkuu? Ama ziliuzwa ukapata nauli ya kuja Pipeline?

---

Zamu_ya_Usiku

Mwana_wa_Ushago, kabla hujaniita mtu wa vitabu, jaribu kukumbuka ulichotia tumboni kabla ya kwenda kwa hizo mbuzi. Mimi ni klinikali ofisa, nimefanya kazi Eastlands miaka kadhaa, na hilo ndilo swali ninalowauliza wazee wote wanaoniambia "sisi tulichunga." Wananijibu: uji wa wimbi, viazi vitamu, maziwa, na huko malishoni maembe, mapera na matunda ya porini ambayo hata majina yake wamesahau. Na saa mbili asubuhi mlikuwa darasani. Mlifanya kazi kwenu, mkala vya kwenu, mkalala. Huyu Kadogo anafanya kazi ya mtu mwingine, kwa saa za mtu mwingine, na chakula kinapita mikononi mwake kikienda kwa wengine.

Hesabu ya mkono tu. Mtoto wa umri huo anahitaji kama kalori elfu mbili kwa siku akiwa anaenda shule na kucheza kawaida. Akisukuma toroli kwa masaa kumi kwenye jua, anahitaji zaidi. Sasa nimesikiliza watoto kama yeye wakinitajia walichokula jana: asubuhi strungi (chai ya rangi) na mandazi mbili, mchana hakuna au smoki moja, usiku ugali na sukuma. Ukijumlisha vizuri unafika elfu moja na mia tatu, mia nne kwa bahati. Hilo pengo mwili haulikopi kwa simu kama Fuliza. Unalitoa kwenye urefu wake na kwenye misuli, na damu nayo inachangia. Urefu ndio unaoanza kukatwa kwa sababu si wa lazima kwa mtu kuwa hai kesho.

Na umri wenyewe ni mbaya. Wavulana wengi huanza kurefuka kwa kasi kati ya miaka kumi na mbili na kumi na nne, wasichana mapema zaidi. Ndiyo nafasi ya mwisho kubwa ya mwili kufidia ulichokosa utotoni. Mtoto aliyedumaa akiwa mdogo anaweza kufidia kiasi hapo, akila. Tunachofanya sisi ni kumpa toroli mwezi uleule ambao mifupa inaomba maziwa.

Kuhusu damu 8.2, hicho ni kipimo cha hemoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu. Kwa miaka kumi na tatu tunataka 12 kwenda juu. Damu ikiwa chini hivyo, moyo unakimbia hata mtu akiwa amesimama, ndiyo maana Kadogo alianguka kwenye foleni wala si mlimani. Nyumbani watu wanasema "lakini anakula sukuma kila siku." Ni kweli sukuma ina madini ya chuma, ila mwili unanyonya kidogo tu ya kwenye mboga, na ile chai ya rangi anayoteremshia chakula inazuia hata hicho kidogo. Chai inywewe mbali na chakula, angalau saa moja. Nyanya mbichi au kipande cha ndimu kwenye sukuma kinasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Omena (dagaa) wa shilingi hamsini ana chuma, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake unapata kalisiamu pia. Ninasema omena kwa sababu nikisema maini mtanicheka.

---

Mama_Mapacha

Nimesoma yote. Sasa na mimi nijibu kwa niaba ya hao "wazazi" mnaotaka kuwasema.

Niko Mukuru. Ninafua nguo. Asubuhi tunakaa ukutani Eastleigh tukingoja kuitwa, siku nyingine unaitwa nyumba mbili, siku nyingine unarudi na miguu yako. Kijana wangu ana miaka kumi na miwili, anabeba maji. Mtungi mmoja shilingi kumi kupandisha hadi ghorofa ya nne. Siku nzuri analeta mia na hamsini. Hiyo ndiyo unga na sukuma na mafuta ya kupima. Mnaongea kama mtoto aliamka akaamua kuacha shule kwa utundu. Alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo ya mtihani na pesa ya chakula cha mchana, shule zetu za huku mtaani si za serikali, zinalipisha. Akikaa nyumbani siku tatu bila kazi anakula nini? Hizo kalori za daktari nani atazipika?

Na jambo lingine sijaona mkilisema. Mtoto akianza kuleta pesa, nyumba inabadilika. Ananiuliza leo tunakula nini, kwa sauti ya baba. Nikipakua namwekea ugali mkubwa kwa sababu amebeba maji, na yule mdogo wa kike nampunguzia. Najua ninachofanya. Mikono yangu inakijua. Sijapata namna nyingine.

Halafu nusu ya pesa inaishia njiani, chipsi na soda. Mashavu yamejaa, lakini usiku analia miguu inauma.

---

Zamu_ya_Usiku

Mama Mapacha, hakuna mtu anakusema hapa, na akitokea nitakuwa wa kwanza kumjibu. Unachosema ni kweli na hata wataalamu wanakikubali: kuna nyumba ambazo pesa ya mtoto ndiyo inaleta sahani mezani, kwa hivyo ukipima leo unaweza kuona mtoto anayefanya kazi hajakonda kuliko jirani yake. Shida inajificha kwenye kingine. Chipsi na soda zinajaza, hazijengi.

Nakuomba kitu kimoja tu kuhusu hayo maji. Mtungi wa lita ishirini ni kilo ishirini, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Kijana wa miaka kumi na miwili wa kwetu huku ana kilo thelathini na kitu. Anapandisha zaidi ya nusu ya uzito wake hadi ghorofa ya nne, mara kumi na tano. Mifupa ya mtoto inakua kwenye vile vipande laini karibu na viungo, magotini, kiunoni, mgongoni. Hivyo ndivyo vinavyobanwa. Kama hana budi kubeba, abebe wa lita kumi, mara mbili, na asibebe kwa shingo. Mteja akinung'unika, anung'unike. Na hayo maumivu ya usiku mlete aonwe, usimpe tu dawa ya maumivu ya dukani.

---

Phase_Nne

Mimi sina masomo ya Zamu lakini nina miaka sita ya jaa la taka la Dandora, kuanzia darasa la tatu. Acha niwaambie ya huko.

Lile jaa lilifunguliwa 1975. Likatangazwa kuwa limejaa 2001. Mimi nimeingia limeshajaa na hadi leo malori yanapanda. Kazi ya watoto inakwenda kwa vimo. Wadogo wanaokota chupa za plastiki na mifupa, wenye nguvu kidogo wanaokota vyuma, na wenye uzoefu wanachoma waya wapate shaba. Unakusanya waya na vipande vya umeme, unawasha na mpira wa tairi, moshi mweusi unapanda, unakaa hapo hapo ukilinda usiibiwe. Hakuna mtu anaondoka kwenye moto wake. Ukikohoa, unakohoa ukiwa umekaa.

Chakula? Chakula kilitoka kwenye malori yenyewe. Kuna lori tulilijua kwa mlio wa injini, lilikuwa linaleta mabaki ya vyakula vilivyofungwa, siagi ndogo ndogo, mikate, nyama ndani ya karatasi ya fedha. Tukisikia mlio huo tunakimbia sisi, mbwa, nguruwe na wale korongo wakubwa wa upara, na anayefika kwanza ndiye anayekula. Nimekula siagi ambayo watu wa madege walikataa. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Kuhara pia kulikuwa kwa kawaida, tulikuwa hatusemi "mimi mgonjwa," tunasema "leo tumbo liko mbio."

Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambao ofisi zao ziko hapa hapa Gigiri, walitoa ripoti ya watoto 328 wa karibu na jaa waliopimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha maikrogramu 10 kwa desilita au zaidi, na hicho ndicho kilikuwa kipimo cha hatari wakati ule. Tangu hapo wataalamu wameshusha kipimo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama. Mtaani mtu akisema mtoto ana risasi mwilini mnafikiria polisi. Hii nyingine haitoi sauti. Rafiki yangu mmoja alikuwa mkali wa hesabu kuliko sisi wote, baada ya miaka miwili ya kuchoma waya alikuwa anasahau alichotumwa akifika mlangoni. Siwezi kuapa ni risasi. Naweza kuapa hakuzaliwa hivyo.

---

Zamu_ya_Usiku

Phase_Nne, umegusa kitu ambacho huwa sipati pa kukisemea. Risasi na njaa ni marafiki. Tumbo likiwa tupu, risasi inanyonywa zaidi. Mtoto akikosa chuma na kalisiamu, utumbo wake unafungua milango kutafuta madini hayo, na risasi inapita kwenye milango ileile. Kwa hivyo chukua watoto wawili wakae kwenye moshi mmoja, mmoja amekunywa maziwa na kula maharagwe, mwingine hajala tangu jana. Vumbi ni lile lile, lakini huyu wa pili anaondoka na sumu zaidi. Na risasi yenyewe inazuia utengenezaji wa damu, kwa hivyo upungufu unazidi, na upungufu unaita risasi nyingine.

Ndiyo maana ninakasirika nikisikia "wape chakula tu" au "waondoe kazini tu." Haya mambo yameshikana mikono.

---

Kibanda_Namba_Tisa

Hata wanaovuta gamu (gundi) usisahau. Wale wa mjini karibu na River Road, chupa mdomoni. Nilimuuliza mmoja mbona anavuta na amepewa mia. Akaniambia mia ni ya jioni, gamu ni ya kusahau njaa hadi jioni ifike. Sijawahi kuwa na jibu.

---

Mkanda_wa_Mkono

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, nazunguka nyumba kwa nyumba. Jina langu hapa ni la ule mkanda wa rangi tunaopima mkono wa mtoto. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, mtoto huyo anakimbizwa kituoni siku hiyo hiyo. Manjano unamfuatilia. Kijani unashukuru.

Sasa tazameni shida yangu. Ule mkanda nimepewa wa watoto wa chini ya miaka mitano. Mafunzo yangu, maneno ya redio, vibandiko vya kliniki, vyote ni siku elfu moja za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, na ni sawa, kazi imefanyika: udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano Kenya ulikuwa asilimia 26 mwaka 2014, ukashuka hadi 18 mwaka 2022. Nafurahi. Lakini nikiingia nyumba ya chumba kimoja nampima yule wa miaka miwili aliyebebwa mgongoni. Aliyembeba ana miaka tisa. Huyo sina mkanda wake, sina safu yake kwenye fomu. Namsalimia tu.

Na huyo wa miaka tisa ndiye mfanyakazi wa nyumba hiyo. Mama ametoka saa kumi na moja, msichana ameachiwa mtoto na ishirini bob. Mtoto akilia anampa uji. Uji wa namna gani? Maji mengi, unga kijiko kimoja, sukari ikiwepo, kwa sababu uji mzito unamaliza unga na unahitaji jiko muda mrefu. Kwa hivyo yule wa miaka miwili anayeonekana manjano kwenye mkanda wangu, ugonjwa wake ulianzia kwa dada ambaye naye hajala. Tunamwandikia mtoto uji wenye lishe, lakini anayeupika ana miaka tisa na anaogopa moto.

Nina kisa kingine nitakifupisha. Msichana wa miaka kumi na nne, aliletwa kutoka ocha, yaani kijijini, kuwa mboch, mfanyakazi wa ndani, nyumba nzuri tu, ghorofa ina lifti. Nilimkuta dukani akinunua odowa, yale mawe laini ya udongo. Akanunua ya shilingi kumi na kuanza kutafuna hapo hapo. Nikajua damu imepungua. Alikuwa anakula kinachobaki baada ya watoto wa wenyewe kula, akiwa amesimama jikoni, na analala saa sita usiku. Hakuwa amepigwa. Mwenye nyumba angeshangaa kweli ukimwambia anamdhuru. Nambari ya bure ya watoto ni 116, niliipiga, na kesi ilichukuliwa. Huwa nasema mtu aandike hiyo 116 kwenye simu yake sasa hivi kabla hajaihitaji.

---

Mwana_wa_Ushago

Sawa, na sheria inasemaje? Maana huyu Kadogo mnasema ni kumi na tatu kweli.

---

Mayai_Jumla

Hilo ndilo mwenye toroli alinirushia! Nilimfuata Jumatano. Akaniambia, "Boss, huyo ni kumi na tatu, sheria inaruhusu." Nikashindwa pa kuanzia.

---

Chaki_na_Vumbi

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema chini ya miaka kumi na tatu hakuna kuajiriwa kwa namna yoyote. Kuanzia kumi na tatu hadi kumi na sita inaruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala ukuaji, na isiyomzuia kwenda shule. Mwambie mwenye toroli asome mstari wote, si nambari peke yake. Saa nne asubuhi Jumanne ni saa ya shule. Mtoto aliyezirai ameshatoa ushahidi wa afya. Na Katiba kifungu cha 53 kinataja lishe ya msingi, afya, elimu na kulindwa dhidi ya kazi ya kinyonyaji, vyote kwenye kifungu kimoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, na naomba niseme kitu ambacho wazazi huwa hawakihesabu. Mtoto akiacha shule, watu wanafikiri amepoteza hesabu na Kiingereza. Amepoteza pia sahani. Kwetu tuko kwenye Dishi na County, mpango wa chakula cha shuleni wa kaunti ya Nairobi, tangu 2023, mzazi analipa shilingi tano kwa mlo, mtoto anagusa na kile kikuku cha mkononi, anapata wali na maharagwe au ndengu, moto. Shilingi tano! Mandazi moja huipati kwa tano. Amepoteza dawa ya minyoo inayotolewa shuleni, na mtoto anayetembea peku kwenye mitaro ndiye anayeihitaji zaidi, maana safura inanyonya damu ambayo Zamu anajaribu kuiongeza. Msichana amekosa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ya miaka kumi. Yaani shule ndiyo zahanati yake na ndiyo meza yake, na tunamtoa hapo ili aende akatafute chakula.

Ukweli upande wa pili: Mama Mapacha amesema wao wako shule za mtaani zinazolipisha, na mpango huu uko kwenye za umma. Za umma zilizo karibu na Mukuru zimejaa hadi watoto wanakaa watatu dawati la wawili. Mimi nina themanini na kitu darasani. Kwa hivyo sitamwambia mtu "mlete tu" kama vile mlango uko wazi. Lakini nikijua mzazi amesimama langini asubuhi, huwa nafasi inapatikana. Benchi linasogezwa.

Nina wale pia wanaofanya vyote viwili. Wanauza njugu kwenye foleni ya magari hadi saa nne usiku, asubuhi wako mbele yangu. Nilikuwa nawaamsha kwa kugonga meza. Siku hizi kama somo ni la kusoma kimya, namwacha mmoja wao alale dakika ishirini. Mkaguzi akinikuta nitajieleza.

---

Zamu_ya_Usiku

Waache walale, mwalimu. Homoni ya ukuaji inatoka kwa wingi usingizini. Huyo akilala masaa matano tu kwa usiku, anakatwa pande zote mbili.

---

Mwana_wa_Ushago

Mimi si mtu wa kugeuka kirahisi na bado nasema kuna watoto wanaolelewa kama mayai. Lakini hii ya urefu imenikalia vibaya. Kwetu tuko wavulana wanne. Watatu tunagonga mlango kwa kichwa. Kaka yetu mkubwa ni mfupi, tumekuwa tukimtania miaka yote kwamba amefuata babu wa upande wa mama. Nimempigia simu jana. Ndiye peke yake aliyetoka darasa la tano kwenda kuchunga ng'ombe za watu, wakati wa ukame, kwa mshahara wa debe la mahindi kwa mwezi, mahindi yakiletwa nyumbani kwetu. Nikamuuliza huko alikuwa anakula nini. Akacheka. Akasema, "Nyinyi mlikuwa mnakula."

Sina la kuongeza leo.

---

Kibanda_Namba_Tisa

Mkuu, mbuzi nakusamehe.

---

Mayai_Jumla

Asanteni, hata walionipiga kidogo. Mrejesho, maana mmeniuliza faraghani.

Kadogo yuko nyumbani, anameza vidonge vya chuma, vinamsokota tumbo lakini anameza. Amepewa na dawa ya minyoo. Mamake amezungumza na shule ya umma iliyo ng'ambo ya barabara. Wamemwambia arudi Jumatatu na cheti cha kuzaliwa, ambacho hana, kiko kwa shosho Murang'a. Tumetuma nauli.

Toroli ndilo linaloniuma. Alhamisi saa moja lilikuja lile lile, gurudumu lile lile linalolia, na kijana mwingine nyuma yake. Huyu nadhani ni kumi na mmoja. Zile takwimu za ajira ya watoto za ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNICEF, watoto milioni 138 duniani mwaka 2024 na kama milioni 87 wako kusini mwa Sahara, nilizisoma jana usiku nikaona ni nambari tu. Gurudumu lile nililitambua kabla sijainua uso. Nilimwambia kijana aende amlete mwenye toroli mwenyewe ndipo nitauza. Mwenye toroli hakuja, alinunua kwa jirani. Mteja wa trei mbili nimempoteza, na mwingine wa trei tatu ameungana naye. Kwa hivyo lile swali langu, kama kukataa kunasaidia, jibu la wiki hii ni kwamba mtoto bado anasukuma, ila si kwa mayai yangu. Sijui kama hilo ni jibu.

Nilichofanya ni kumpa mamake Kadogo trei mbili kwa mkopo auze mwenyewe pale stejini. Siku ya kwanza aliuza arobaini na moja. Tumeelewana kila siku yai moja linaondolewa kabla ya hesabu, haliandikwi. Hilo ni la Kadogo. Amesema atakula lote akijua mdogo wake ana lake, kwa hivyo sasa ni mawili.

---

Mama_Mapacha

Mayai_Jumla, yale ya ufa, yaliyopasuka kwenye trei, unayapeleka wapi?

---

Mayai_Jumla

Nauzia watu wa keki, shilingi nane. Mbona?

---

Zamu_ya_Usiku

Yachemshwe hadi kiini kikauke kabisa, dakika kumi au zaidi, na yaliwe siku hiyo hiyo. Yaliyovuja yatupwe.

---

Mama_Mapacha

Nataka sita kila Jumamosi. Nitatuma kijana, hapana, nitakuja mwenyewe.

---

Mayai_Jumla

Kuja kabla ya saa moja mama, watu wa keki wanaamka mapema.